Safari ya kwanza ya kamera: Ndutu, Mara, Kreta ya Ngorongoro, Amboseli au Nyerere?

Mpiga picha anayepanga safari yake ya kwanza mara nyingi huanza na orodha ya wanyama: simba, chui, faru, tembo. Kisha hutafuta hifadhi yenye wote. Orodha hiyo humsaidia mtalii wa kawaida kuliko mtu wa kamera, kwa sababu simba na tembo wapo karibu kila hifadhi kubwa ya Afrika Mashariki. Picha huamuliwa na mambo mengine: gari linaruhusiwa kusimama wapi, jua linakukuta ukiwa wapi linapochomoza, na mko wangapi ndani ya gari. Hifadhi mbili zenye wanyama walewale zinaweza kutofautiana kabisa kwa vigezo hivyo vitatu.

Kwanza, hesabu ya lenzi

Upana wa eneo linaloingia kwenye picha, kwa mita, ni umbali wa mnyama mara 36, gawanya kwa milimita za lenzi. Hiyo ni kwa kamera ya sensa kamili (full-frame), sensa ikiwa ni kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga. Kwa sensa ndogo ya APS-C weka 24 badala ya 36.

Simba aliyelala mita 20 kutoka dirishani, kwa lenzi ya milimita 400, anaingia kwenye fremu yenye upana wa mita 1.8. Hapo unaanza kuhangaika mkia utoke au ubaki. Faru aliye mita 300, hata kwa milimita 600, yuko kwenye fremu ya mita 18: atachukua kama sehemu moja ya tano ya picha, na hewa iliyo kati yenu itakuwa inatetemeka kwa joto. Keremkerem, ndege mdogo, aliye mita 10 kwa milimita 400 anapata fremu ya sentimita 90, yaani karibu robo ya picha, na hiyo inatosha kukatwa vizuri.

Ndiyo maana swali la gari kuruhusiwa kusogea lina uzito kuliko swali la lenzi. Kumkaribia mnyama mara mbili ni sawa na kuwa na lenzi ndefu mara mbili, tena bila vumbi na joto la katikati.

Serengeti: Ndutu si Seronera

Serengeti ina kilomita za mraba 14,763, kwa hiyo kusema "nakwenda Serengeti" bado hujasema kitu. Kwa mpiga picha wa mara ya kwanza kuna Serengeti tatu.

Kusini, kuzunguka Ziwa Ndutu, nyumbu huzaa kati ya mwishoni mwa Januari na Machi, wengi wao ndani ya wiki mbili tatu za Februari. Nyasi pale ni fupi kwa sababu udongo umetokana na majivu ya volkano na chini yake pana tabaka gumu ambalo mizizi haipiti. Kwa kamera maana yake ni kwamba miguu ya mnyama inaonekana, uso haukatwi na majani, na nyuma yake hakuna vichaka. Duma huwinda hapo kwa sababu hiyohiyo ya uwazi. Zaidi ya yote, sehemu kubwa ya Ndutu iko ndani ya eneo la Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, ambako msimu huo magari huruhusiwa kuacha njia. Ukivuka mstari na kuingia Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ruhusa hiyo inaisha palepale. Mstari wenyewe hauna uzio, hivyo dereva asiyeujua anaweza kukutafutia faini.

Kinachoharibika Ndutu ni mvua. Udongo mweusi ukilowa, gari linazama hadi kwenye ekseli, na asubuhi nzima inakwenda kwenye kuvutana. Uliza kama gari lina jeki ndefu na kamba ya kuvutia, na kama mtatembea karibu na gari jingine la kampuni hiyohiyo.

Seronera, katikati, ni ya mwaka mzima. Chui kwenye migunga ya mtoni na simba juu ya vilima vya miamba ndiyo sifa yake. Lakini magari hubaki barabarani, na chui akionekana, magari ishirini hufika ndani ya robo saa. Mara nyingi yuko mita 60 hadi 100, juu ya mti, nyuma yake anga jeupe. Bila milimita 500 au 600 picha inakuwa ya kumbukumbu tu. Ongeza mwanga kwenye kamera kwa kituo (stop) kimoja au zaidi, la sivyo anga litamgeuza chui kuwa kivuli.

Serengeti ya tatu ni Kogatende kaskazini, kwenye Mto Mara, ambako nyumbu huvuka kati ya Julai na Oktoba.

Mara: mbuga kuu au konsavansi

Mbuga kuu ya Maasai Mara ina kilomita za mraba takriban 1,510, na ukitoka nje ya mipaka yake kaskazini na mashariki unaingia kwenye ardhi za Wamaasai zilizokodishwa kama hifadhi za jamii, yaani konsavansi: Mara North, Olare Motorogi, Naboisho na nyinginezo. Kwa mtalii wa kawaida tofauti ni ndogo. Kwa mpiga picha ni safari mbili tofauti.

Ndani ya mbuga kuu huruhusiwi kuacha barabara, na magari yanatakiwa yasizidi matano kwa mnyama mmoja. Kanuni hiyo ya matano huonekana zaidi kwenye karatasi wakati wa Agosti. Tangu 2024 tiketi ni ya saa 12, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni, na mgeni asiye mkazi hulipa dola 100 kwa siku kuanzia Januari hadi Juni, dola 200 kuanzia Julai hadi Desemba. Aliyelala ndani anatakiwa awe ametoka getini kabla ya saa 4 asubuhi siku ya kuondoka, vinginevyo analipia siku nyingine. Ukipanga "asubuhi ya mwisho ya kupiga picha" bila kujua hilo, inakula bajeti.

Kwenye konsavansi gari huacha njia, magari kwa mnyama mmoja ni machache na kanuni husimamiwa, na unaweza kuzunguka kwa gari baada ya jua kuzama. Dereva anaweza kuzunguka mpaka jua liwe nyuma ya mnyama, au mpaka kichaka kilicho nyuma ya sikio la simba kiondoke kwenye fremu. Jambo hilo moja lina thamani kuliko kamera mpya. Gharama ya kulala ni kubwa zaidi kwa sababu vitanda ni vichache. Ukiwa na pesa ya siku tano kwenye mbuga kuu au siku tatu kwenye konsavansi, chukua tatu.

Nyasi nazo zina kalenda. Juni, kabla makundi ya nyumbu hayajafika, nyasi za Mara zinaweza kumfunika simba mpaka masikio. Septemba na kuendelea zimekwishaliwa.

Kivuko cha nyumbu

Watu huuliza kipi bora, Kogatende au upande wa Kenya. Mto ni uleule na nyumbu ni walewale. Wanavuka kwenda na kurudi. Kogatende iko mbali zaidi na miji, hivyo wengi hufika kwa ndege ndogo. Upande wa Kenya unafikika kwa barabara kutoka Nairobi kwa saa tano au sita mpaka Sekenani, kwa hiyo magari ni mengi.

Pande zote mbili magari hukaa mbali na ukingo mpaka nyumbu wa kwanza waingie majini, ndipo husogea. Dereva mzuri anajua mapema atasimama wapi. Asiyejua atakuweka nyuma ya paa la gari la mwenzake. Kivuko hutokea mara nyingi mchana, jua likiwa kali na vumbi likiwa jingi. Tumia kasi ya shata ya sekunde 1/1600 au zaidi kwa nyumbu wanaoruka, na lenzi ya 70–200 au 100–400. Lenzi ya milimita 600 isiyo na zumu itakupa vichwa tu. Tenga siku nne kwa kivuko, maana siku mbili zinaweza kupita nyumbu wamesimama ukingoni wakitazama maji na kurudi walikotoka.

Usidanganywe na ramani: Mara na Serengeti zinapakana, lakini njia ya Sand River na Bologonja haiko wazi kwa watalii. Kwa barabara mnazunguka hadi Isebania na Sirari, kwa kawaida mnabadilisha gari mpakani, na siku ya kupiga picha imekwisha. Kwa safari ya kwanza chagua upande mmoja.

Kreta ya Ngorongoro

Hapa maoni yetu hayatawapendeza wauzaji. Kreta ni mahali pa kuona. Kwa picha, safari ya kwanza yenye bajeti finyu inaweza kuiruka. Chini kuna kilomita za mraba kama 260 zilizozungukwa na kuta za mita 600 hivi. Magari hayaachi njia. Asubuhi ukungu hukaa kwenye ukingo, na aliyelala Karatu, mji ulio nje ya hifadhi, huanzia geti la Loduare saa 12, akafika chini mwanga laini umeanza kuondoka. Jioni lazima uwe umepanda kabla ya saa 12, hivyo mwanga wa mwisho unaukuta ukiwa njiani. Kushuka kwenyewe kunalipiwa: kwa wageni ni dola 295 kwa gari pamoja na VAT, kando ya ada ya kila mtu.

Inachotoa ni mandhari. Kundi la pundamilia lenye ukuta wa bluu nyuma yake ni picha isiyopatikana kwingine, na inataka 70–200, si 600. Faru weusi wapo, ila rudi kwenye hesabu ya mita 300. Twiga usiwatafute, hawamo. Kama unakwenda, lala juu ukingoni na uombe kifungua kinywa cha kubeba. Chakula cha mchana ule ndani ya gari, kwa kuwa mwewe wa Ngoitokitok, mahali pa kupumzikia na kula, hunyakua kipande mkononi.

Amboseli

Hifadhi hii ya Kenya ni ndogo, kilomita za mraba 392, na ina picha moja kubwa: tembo na Kilimanjaro. Ukiitaka hiyo, nenda huko. Kama huitaki, siku moja inatosha.

Mlima uko kusini mwa hifadhi. Kwa hiyo gari lazima liwe kaskazini ya tembo, na kwa kuwa huruhusiwi kuacha njia, kazi ni kukisia kundi litakatiza barabara ipi. Tembo huenda kwenye vinamasi asubuhi na kutoka jioni. Dereva anayejua mapito yao husimama mbele yao nusu saa kabla na kuzima injini. Mlima hufunguka alfajiri na tena karibu na magharibi, katikati hufunikwa na wingu. Baada ya mvua hewa huwa safi zaidi. Kiangazi kikikolea, vumbi la magadi huufanya uwe wa kijivu.

Kosa la kawaida ni kutumia lenzi pana ili "kila kitu kiingie". Kwa milimita 24 mlima unakuwa kichuguu nyuma ya sikio la tembo. Subiri tembo akiwa mbali kidogo, tumia milimita 100 hadi 200, na mlima utasimama juu yake kwa ukubwa wake. Funga upenyo hadi f/11 ili theluji ya mlimani nayo iwe ndani ya fokasi.

Usiku mbili Amboseli zinakupa asubuhi mbili. Moja ni bahati nasibu.

Nyerere: kupiga picha kutoka kwenye boti

Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyotengwa mwaka 2019 kutoka sehemu ya Selous, haina makundi ya kaskazini, lakini ina Rufiji na maziwa yake. Boti hukuweka karibu sawa na uso wa maji, na macho ya kiboko au mamba yakiwa usawa wa lenzi, picha inabadilika kabisa. Kutoka juu ya paa la Land Cruiser huwezi kuipata hiyo.

Boti haitulii. Acha mfuko wa mchele wa kuegemezea kamera, ishike mkononi, tumia 1/2000 kwa ndege wanaoruka na usishuke chini ya 1/800 hata kwa mnyama aliyesimama. Lenzi nyepesi ya 100–400 itakufaa kuliko 600 nzito. Chagua boti ya alasiri, ikirudi na jua la magharibi, na uulize mko wangapi: wanne ni sawa, wanane ni feri.

Kutoka Dar es Salaam hadi geti la Mtemere kwa barabara ni safari ya saa tano sita, kipande cha mwisho kikiwa kibovu. Masika, hasa Aprili na Mei, barabara nyingi za ndani hazipitiki. Mbung'o wapo, nguo nyeusi na za bluu iliyokolea huwavuta.

Kwa ufupi, kwa anayetaka kulinganisha kwa jicho moja:

| Mahali | Miezi | Kuacha njia | Lenzi inayofanya kazi zaidi | Kinachoharibu |
|---|---|---|---|---|
| Ndutu | Januari–Machi | Ndiyo, upande wa Ngorongoro | 100–400, 200–600 | Tope |
| Seronera | Mwaka mzima | Hapana | 500–600 | Msongamano |
| Konsavansi za Mara | Karibu mwaka mzima, masika pembeni | Ndiyo | 70–200, 100–400 | Bei |
| Kreta | Mwaka mzima | Hapana | 70–200 na 600 | Saa za geti |
| Amboseli | Nje ya masika | Hapana | 70–200 | Mawingu, vumbi |
| Nyerere | Juni–Oktoba | Boti | 100–400 | Mtikisiko |

Kusini mwa bara mantiki ni nyingine. Kruger, Afrika Kusini, ina lami na unaweza kuendesha gari lako mwenyewe, dirisha la gari dogo likiwa chini kuliko la Land Cruiser, ila pori ni zito na huachi barabara. Etosha, Namibia, unakaa kando ya dimbwi wanakonywa wanyama na kungoja. Lile la kambi ya Okaukuejo huwashwa taa usiku. Mwenye subira na bajeti ya kujiendesha atafurahia huko. Anayetaka uwanda na makundi abaki kaskazini mwa Tanzania au Mara.

Gari, yaani studio yako

Van ya paa la kuinuka ndiyo ya bei nafuu, na madirisha yake mengi hufunguka nusu tu. Land Cruiser ya paa la kuinuka ina safu tatu na madirisha yanayotelezeka. Ndiyo chaguo la wengi. Gari la wazi, linalopatikana zaidi kwenye kambi za kufikika kwa ndege, linakupa pembe ya chini na pande zote, na pia linakupa vumbi lote na baridi ya alfajiri.

Idadi ya watu ni muhimu kuliko aina ya gari. Simba akiwa kulia na gari lina wapiga picha sita, watatu wana madirisha na watatu wana migongo ya wenzao. Kila mtu achukue safu yake: watatu kwenye Land Cruiser ya safu tatu. Wawili ni bora. Kwa kuwa gari na dereva hulipiwa kwa siku bila kujali wako wangapi, tafuta mwenzako mwenye kamera, si mwenye haraka ya kwenda kwa mnyama anayefuata.

Paa huvutia, lakini kutoka juu simba anaonekana ameminywa kwenye nyasi. Shuka dirishani kila inapowezekana. Weka kamera juu ya mfuko wa kitambaa uliojazwa kilo tatu hivi za mchele au maharage makavu. Ubebe mtupu, ununue mchele Arusha au Narok, na siku ya mwisho uwaachie wapishi wa kambi. Tripodi ndani ya gari ni kikwazo tu. Injini izimwe kabla ya kupiga, na anayetaka kubadilisha mkao aseme kwanza, maana gari zima hutikisika.

Mzigo, vumbi na umeme

Ndege ndogo za Afrika Mashariki kwa kawaida huruhusu kilo 15 kwa mtu, pamoja na begi la mkononi, na mabegi lazima yawe laini. Kamera mbili, 100–400, 70–200, laptopu na chaja zinaweza kufika kilo saba au nane peke yake. Nguo zipungue, au nunua kiti cha mzigo cha ziada mapema.

Miili miwili ya kamera si anasa: mmoja wenye lenzi ndefu, mwingine wenye fupi, na hufungui kamera kwenye vumbi. Huna wa pili? Badilisha lenzi ndani ya mfuko wa foronya, gari likiwa limesimama, madirisha yamefungwa. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu 2017 na Tanzania tangu 2019, kwa hiyo kinga ya vumbi iwe ya kitambaa.

Plagi ni za miguu mitatu ya mraba, kama za Uingereza. Kambi za sola huchajisha kwa saa maalumu na wakati mwingine kwenye hema la pamoja tu. Betri tatu kwa kila kamera na inveta ya garini zinaondoa wasiwasi. Droni iache: bila vibali hairuhusiwi hifadhini, na inaweza kuzuiwa uwanja wa ndege. Nguo za mabaka zinazofanana na za jeshi ziache pia. Tanzania raia kuzivaa ni kosa.

Kabla ya kulipa

Ratiba yenye hifadhi tano kwa siku sita ikatae. Arusha hadi Seronera ni karibu siku nzima ya barabara, na kila kuhama kunakula ama mwanga wa asubuhi au wa jioni, ambao karibu na ikweta ni mfupi kwa sababu jua hupanda wima. Usiku nne Ndutu mwezi Februari, au mbili Amboseli na tatu konsavansi ya Mara, ni mipango miwili inayolipa kwa anayeanza. Kwa anayeanzia Dar, usiku tatu Nyerere na boti kila jioni.

Muulize mwenye kampuni, na majibu yawe kwa maandishi: gari ni letu peke yetu? Kambi iko ndani ya geti au nje, na kwa dakika ngapi? Tunaruhusiwa kuondoka saa 12 kamili na chakula cha kubeba? Mafuta yana kikomo cha kilomita kwa siku? Dereva amewahi kuwabeba wapiga picha, na anakubali kukaa saa mbili kwa mnyama aliyelala? Raia na wakazi wa Afrika Mashariki waulize pia ada zimepigwa kwa kiwango chao, na wabebe kitambulisho halisi, kwa sababu getini nakala ya simu inaweza kukataliwa na tofauti ya ada ukaidaiwa papo hapo.